Insulini ya mbwa isipofanya kazi: kagua chupa, bomba na mkono wako kabla ya kugusa dozi

Wiki ya tatu tangu jike wangu aanze insulini, bakuli la maji lilikuwa bado linakauka kabla ya saa nne asubuhi. Nilikwenda kwa daktari wa mifugo na neno moja tu mdomoni: aongeze dozi. Hakuongeza. Alinipa bomba la sindano lenye maji ya chumvi ya dripu, akasema, "Hebu mchome nikuone." Nikabana ngozi, nikachoma, nikasukuma. Akapitisha kidole upande wa pili wa mkunjo, akanionyesha. Manyoya yamelowa. Sindano ilikuwa imeingia huku ikatokea kule. Mpaka leo sijui ni siku ngapi nilikuwa nanywesha manyoya dawa.

Dozi ni kazi ya daktari. Lakini kati ya dozi aliyoiandika na damu ya mbwa wako kuna chupa, bomba, mkono, ngozi, saa na sahani ya chakula, na makosa mengi niliyoyaona, yangu yakiwemo, yalijificha humo. Kwa mbwa wengi wenye kisukari kongosho limeacha kutengeneza insulini ya kutosha na halitarudi kazini, kwa hiyo sindano ni mara mbili kwa siku, saa 12 kati ya moja na nyingine, pamoja na mlo, maisha yake yote. Ukilala na tatizo dogo katika utaratibu huo, utalala nalo mara 60 kwa mwezi.

Anayumba, anatetemeka, amezubaa

Hili nimeliweka juu kwa sababu halingoji umalize kusoma. Mbwa amechomwa, kisha saa kadhaa baadaye anatembea kama mlevi, anatetemeka, anagonga viti, anakutazama kama mgeni, au ghafla ana njaa ya kutisha: mhesabu kuwa sukari imeshuka. Ikiachwa ishuke zaidi hufuata degedege na kupoteza fahamu. Chini ya 60 mg/dL, yaani 3.3 mmol/L, ni hatari hata kama bado amesimama. Mashine ya kupimia ikiwa mkononi, pima. Kama iko chumbani kwenye droo usiyoikumbuka, achana nayo, mpe sukari kwanza. Sukari iliyopanda kwa saa chache haimuui. Iliyoshuka inaweza kumuua mchana huo huo.

Akiwa anaweza kumeza, mpe chakula chake pale pale. Akikataa au amelegea, mpake asali kwenye fizi na upande wa ndani wa shavu. Kama hakuna asali, koroga sukari na maji kidogo iwe nzito. Nimesema kupaka. Ukimmiminia mdomoni mbwa asiyejitambua, inaingia kwenye mapafu, na sasa una matatizo mawili. Akiwa kwenye degedege usipitishe vidole kati ya meno; inua mdomo wa juu, paka fizi kwa nje, ondoa mkono. Rudia kila baada ya dakika chache, akizinduka mlishe, na mpigie daktari hata kama anaruka na kutikisa mkia, kwa sababu asali huisha upesi na insulini bado iko mwilini inafanya kazi. Sindano inayofuata usiichome mpaka mmezungumza.

Soma kibandiko cha hicho kitamu kabla hujakitegemea. Vitu visivyo na sukari, kama siagi ya karanga ya aina hiyo au ubani wa kutafuna, vinaweza kuwa na zailitoli (xylitol), kitamu kinachowekwa badala ya sukari. Kwa mbwa zailitoli hulifanya kongosho limwage insulini na kuzidi kuishusha sukari, kisha huweza kuharibu ini. Ni sumu kwa mbwa yeyote, mwenye kisukari au asiye nacho.

Mambo yakitulia, tafuta chanzo. Kinachoongoza nyumbani kwenye watu zaidi ya mmoja ni sindano mbili: wewe umemchoma ukatoka, mwenzako amerudi, amemkuta anasubiri karibu na friji, naye akamchoma. Dawa yake ni karatasi kwenye mlango wa friji na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Anayechoma anaweka alama papo hapo, si baadaye. Vyanzo vingine ni mbwa aliyekula kidogo au aliyetapika alichokula, siku ya mbio na michezo asiyoizoea, bomba lisilolingana na chupa (nalifikia sasa hivi), na dozi iliyopandishwa haraka.

Bado anakunywa maji na kukojoa kupita kiasi

Kwanza pima, usikisie. Mbwa mzima hunywa kama mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Akivuka 100, hiyo si kiu ya kawaida. Mbwa wa kilo 10 anayemaliza lita nzima ameshafika hapo. Mimina maji kwa jagi lenye vipimo, pima yanayobaki baada ya saa 24, andika. Bakuli la maji ni mashine ya sukari ya bei rahisi kuliko zote: sukari ya damu ikivuka takriban 180 hadi 220 mg/dL, figo za mbwa hushindwa kuizuia, humwagika kwenye mkojo na kuvuta maji nyuma yake. Mbwa anakojoa kwanza, kiu inafuata. Usimnyime maji hata siku moja.

Kama ndiyo kwanza mmeanza, wiki mbili tatu za mwanzo hazihesabiki sana. Daktari huanza na dozi ya chini makusudi, kisha hupanda taratibu. Muda huo ukipita na jagi halijabadilika, fuata njia ya dawa kuanzia kwenye friji.

*Chupa.* Insulini hukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Ikiganda imekufa, hata ikiyeyuka na kuonekana ile ile, kwa hiyo usiiweke karibu na sehemu ya barafu, na safarini usiiache igusane na pakiti ya barafu. Ifunge kwenye kitambaa. Joto la gari lililofungwa juani nalo huiua, polepole kidogo. Siku ya kufungua chupa mpya andika tarehe kwenye kibandiko. Kijikaratasi cha ndani kinasema itumike siku ngapi baada ya kufunguliwa, na kwa mbwa mdogo chupa huwa imebaki nusu siku hizo zikiisha. Kuitupa kunauma, najua. Lakini ukiona sukari imeharibika polepole bila sababu na chupa ni ya zamani, badilisha chupa kabla hujafikiria jingine lolote.

Kisha itazame. Insulini nyingi za mbwa ni nyeupe kama maji ya mchele na hujitenga zikikaa: unga chini, maji juu. Ukivuta bila kuchanganya, leo unamchoma maji, mwisho wa chupa unamchoma unga mtupu. Namna ya kuchanganya haifanani kwa zote, na hapa ushauri wa jirani mwenye kisukari unaweza kukupoteza. Caninsulin, ambayo Marekani huitwa Vetsulin, hutikiswa vizuri mpaka iwe nyeupe sawasawa, kisha unaacha povu litulie. Insulini za NPH na ProZinc huviringishwa taratibu kati ya viganja, hazitikiswi. Insulini ya glargini ni angavu kama maji. Ikiwa na ukungu imeharibika. Na yoyote iliyofanya madonge au chembe zinazong'ang'ania kioo, itupe.

Caninsulin inatokana na nguruwe, na si kwa bahati: insulini ya nguruwe na ya mbwa zina mpangilio ule ule. Mbwa wenyewe ndio waliotangulia kupokea dawa hii. Frederick Banting na Charles Best, mjini Toronto mwaka 1921, waliijaribu kwa mbwa walioondolewa kongosho, na mgonjwa wa kwanza wa kibinadamu hakuchomwa mpaka Januari 1922.

*Bomba.* Ningekuwa na ruhusa ya kuandika sentensi moja tu kwa herufi kubwa ingekuwa hii: namba ya bomba ilingane na namba ya chupa. Insulini za mifugo mara nyingi ni U-40, maana yake yuniti 40 katika kila mililita. Za watu mara nyingi ni U-100. Bomba la U-40 kwa kawaida huwa na kifuniko chekundu, la U-100 cha rangi ya chungwa, lakini rangi isikutoshe, soma maandishi.

Fanya hesabu uone. Daktari ameandika yuniti 10 za U-40. Umeishiwa mabomba, ukanunua ya U-100, ukavuta mpaka mstari wa 10. Mstari huo kwenye bomba la U-100 ni mililita 0.1, na humo mna yuniti 4 tu. Mbwa anakojoa usiku kucha na wewe unalaumu dawa. Sasa geuza: insulini ya U-100 kwenye bomba la U-40, mstari wa 10. Hapo umevuta mililita 0.25, yaani yuniti 25. Mbwa yule yule, mkono ule ule, na sasa uko kwenye sehemu ya kwanza ya mwongozo huu ukitafuta asali. Kwa hiyo kila chupa inapobadilishwa, kila duka linapobadilika, soma namba mbili kwa sauti.

Mengine ya bomba ni madogo. Kiputo cha hewa chini ya ngozi hakimdhuru, ila kinakaa mahali pa dawa, na kwa mbwa wa yuniti 2 kiputo kinaweza kuwa robo ya dozi. Gonga bomba kwa ukucha, rudisha hewa kwenye chupa, vuta tena. Kwa mbwa wadogo omba mabomba ya mililita 0.3 yenye mistari ya nusu yuniti. Soma mstari kwa usawa wa macho, bomba likiwa wima. Na sindano ni ya mara moja. Ya pili huwa imeshakuwa butu, na mbwa anajua kabla yako.

*Mkono na ngozi.* Watu wengi huchoma shingoni kwa nyuma, pale mama mbwa anapobebea watoto, kwa sababu ngozi ni nyingi. Mimi napaepuka. Ngozi ya pale ni nene, damu ni kidogo, na dawa huingia leo hivi kesho vile. Ubavuni ni pazuri zaidi, kuanzia nyuma ya bega mpaka karibu na nyonga, vidole viwili vitatu kutoka uti wa mgongo. Hamahama: leo asubuhi kushoto, jioni kulia, kesho sogea upana wa vidole viwili. Ukichoma nukta moja kila siku, ngozi hufanya uvimbe mgumu au wa mafuta, na dawa ikiingia humo haitoki kwa wakati. Pitisha vidole ubavuni mara moja kwa wiki. Ukikuta pagumu, paache papone.

Uchomaji wenyewe uko hivi. Inua ngozi kwa kidole gumba na cha kati, kidole cha shahada kibonyeze katikati ili pawe na kibonde kama mlango wa hema. Ingiza sindano kwenye kibonde hicho, tundu lake likitazama juu, imelala kiasi kufuata mwili, si kuukabili. Wakosaji wa aina yangu huinua mkunjo mwembamba na kupiga kutoka pembeni, ndipo inapotokea upande wa pili. Sukuma mpaka mwisho, hesabu mpaka tano, toa, kisha achia ngozi. Halafu, hili nililifundishwa siku ile ya aibu, papasa na unuse. Insulini ina harufu kali ya dawa ya hospitali. Vidole vikinukia, au manyoya yakiwa na unyevu, dawa au sehemu yake imebaki nje. Kwa mbwa mwenye manyoya mazito, mwombe daktari anyoe viraka viwili, kila upande kimoja. Utashangaa ulikuwa unabahatisha kiasi gani.

*Saa na sahani.* Saa moja asubuhi, saa moja jioni. Dakika 30 mbele au nyuma si kitu. Tofauti ya saa tatu ni kitu, hasa ikiwa kila siku upande wake. Chakula kiwe kile kile, kiasi kile kile, nusu kila zamu. Mlaumu mtoto anayedondosha biskuti chini ya meza kabla hujalaumu insulini. Mimi humlisha kwanza, nikiona sahani imeisha ndipo namchoma. Wapo wanaochoma akiwa anakula kwa sababu hasikii kitu, na ni sawa kama mbwa wao hajawahi kuacha chakula katikati.

Sijui kama dawa imeingia

Alishtuka, sindano ikachomoka, manyoya yamelowa, hujui ni kiasi gani kimebaki ndani. Usimchome tena. Hata nusu, hata "kidogo tu". Hujui alichopata, na ukikosea kwa kuzidisha unampeleka kwenye degedege. Ukikosea kwa kupunguza atakunywa maji mengi mpaka jioni, basi. Andika kwenye karatasi "haijulikani", endelea na zamu inayofuata kwa dozi ya kawaida.

Kusahau ni vivyo hivyo. Umechelewa saa moja au mbili, kwa kawaida mchome pamoja na mlo wake. Nusu ya muda ikiwa imepita, ngojea zamu ijayo. Dozi mbili hazijumlishwi kamwe. Kama huna hakika umemchoma au hujamchoma, hesabu kuwa umemchoma.

Amekataa kula

Sheria ya kuwa nayo kabla siku hiyo haijafika, imeandikwa na daktari wako kwa namba za mbwa wako: akila nusu nifanye nini, asipokula kabisa nifanye nini. Wengi huagiza nusu ya dozi kwa aliyekula nusu ya sahani. Kwa asiyegusa kitu, usimchome dozi kamili. Piga simu kwanza. Kumruka mara moja kunavumilika. Kumruka siku mbili kwa sababu "hajala" ni hatari ya aina nyingine, kwa sababu mwili usio na insulini huanza kuchoma mafuta na kutengeneza ketoni, na ketoni zikizidi damu inakuwa na tindikali.

Huyo utamjua. Hataki kula, anatapika, amelala tu, anahema haraka au kwa kina, na pumzi ina harufu tamu ya matunda yaliyoiva mno au ya dawa ya kufutia rangi ya kucha. Si wote wanaoisikia harufu hiyo, mimi siisikii kabisa, kwa hiyo weka vijiti vya kupimia ketoni kwenye mkojo. Kijiti kikibadilika rangi na mbwa hajisikii vizuri, ni kliniki sasa hivi, hata kama ni usiku wa manane. Dripu na insulini ya haraka hazifanyiki nyumbani. Mara nyingi nyuma yake kuna jambo jingine lililoanzisha, hasa kongosho kuvimba baada ya mlo wa mafuta.

Anakimbia akiona bomba

Haogopi sindano, mara nyingi anaogopa wewe. Umeinama juu yake, umeshika pumzi, sauti imebadilika. Kaa pembeni yake, mkono mmoja umkune, ongea kama kawaida. Badilisha sindano kila mara. Acha bomba lililojazwa lipoteze ubaridi mkononi kwa dakika moja. Spiriti si lazima, inawasha, na harufu yake ndiyo inayomtangazia. Akilia kila siku mahali pamoja, mahali hapo pana uvimbe au jeraha, hama.

Tone la damu baada ya kuchomoa si tatizo. Ukiona damu ikiingia ndani ya bomba kabla hujasukuma, toa, chukua bomba jipya, chagua mahali pengine.

Sindano zilizotumika ziingie kwenye chombo kigumu cha plastiki chenye kifuniko, na kikijaa kirudi kwa daktari. Kwenye mfuko wa taka zitamchoma mtu asiyekukosea.

Dozi inapanda, sukari haishuki

Umekagua chupa, bomba, mkono na saa. Daktari amepandisha mara kadhaa, na sasa mbwa anapata zaidi ya yuniti 1 kwa kila kilo, anakaribia 1.5, na jagi la maji ni lile lile. Hapo swali linageuka: kuna kitu mwilini kinachoipinga insulini.

Kama ni jike ambaye hajaondolewa kizazi, anza hapo na huenda usiende mbali. Baada ya kipindi cha kutaka dume, homoni ya projesteroni hukaa juu kwa takriban miezi miwili, awe na mimba au asiwe nayo, na huyachochea matiti kutoa homoni ya ukuaji inayoifunga insulini mlango. Dozi ile ile iliyotosha mwezi uliopita haitoshi tena, kisha kipindi kikipita inaweza kuzidi ghafla. Kumwondoa kizazi si anasa kwa mbwa wa kisukari, ni sehemu ya matibabu, na kuna majike wachache ambao kisukari chenyewe huondoka upasuaji ukifanyika mapema. Baada ya upasuaji mchunge sana, mahitaji ya insulini yanaweza kushuka upesi.

Pili, kumbuka kila dawa aliyopata mwaka huu. Prednisoloni na ndugu zake wa jamii ya steroidi hupandisha sukari, na haziko kwenye vidonge tu: matone ya masikio, matone ya macho, krimu ya ngozi. Mweleze daktari zote, hata ile ya "masikio tu". Lakini usikatishe steroidi ya vidonge mwenyewe ghafla, hiyo nayo ina hatari yake.

Tatu ni maambukizi. Mkojo wenye sukari ni shamba la bakteria, na mbwa wa kisukari anaweza kuwa na kibofu kilichoambukizwa bila kuchuchumaa mara kwa mara wala kulia. Mkojo wake uoteshwe maabara kutafuta bakteria. Fungua na mdomo: meno yaliyooza na fizi zenye usaha hufanya kazi hiyo hiyo ya kuipinga insulini. Mwenye tumbo lililoshuka, manyoya yanayopungua na kuhema bila sababu huenda ana ugonjwa wa Cushing pia, yaani mwili wake unatengeneza steroidi kupita kiasi, na hizo ni kiu mbili juu ya nyingine. Unene, tezi ya shingo na kongosho lililovimba vipo kwenye orodha ya daktari.

Namba za mashine hazieleweki

Asubuhi 400 mg/dL, na hapo wengi hukimbilia kuongeza dozi. Namba moja haisemi kitu. Inawezekana dozi ni ndogo; inawezekana ni kubwa mno, sukari ikashuka usiku, mwili ukashtuka na kumwaga akiba yake, ukaikuta juu. Ukiongeza kwenye hali ya pili unazidisha shimo. Kinachotakiwa ni mfululizo: pima kabla ya chakula na sindano, kisha kila saa mbili mpaka sindano inayofuata. Tazama inashuka hadi wapi na inakaa chini muda gani. Madaktari wengi hutaka sehemu ya chini kabisa iangukie kati ya 80 na 150 mg/dL, sawa na 4.4 hadi 8.3 mmol/L. Mashine yako ikionyesha mmol/L na daktari anasema mg/dL, zidisha kwa 18.

Mashine za watu mara nyingi husoma chini ya ukweli kwa damu ya mbwa, kwa sababu sukari imegawanyika tofauti kati ya maji ya damu na chembe nyekundu. Zipo zilizotengenezwa kwa ajili ya wanyama, kama AlphaTrak, na yako ikiwa na mpangilio wa aina ya mnyama, chagua wa mbwa. Usibadilishe mashine katikati ya mfululizo. Damu hupatikana ukingoni mwa sikio au ndani ya mdomo wa chini. Pashe sikio joto kwa kitambaa kwanza. Kihisi cha FreeStyle Libre, kile kinachobandikwa, hutumika sana kwa mbwa na huokoa masikio, ila hupima majimaji ya chini ya ngozi na huchelewa kidogo nyuma ya damu. Kikisema 40 na mbwa anacheza mpira, hakikisha kwa tone la damu. Kikisema 110 na mbwa anayumba, amini mbwa.

Macho yamefanya ukungu

Hili silo kosa lako, na dozi nzuri haihakikishi kuwa halitakuja. Sukari huingia ndani ya lenzi ya jicho, hugeuka sorbitoli, huvuta maji, na lenzi hufanya wingu. Mbwa wengi wenye kisukari hupata mtoto wa jicho ndani ya mwaka wa kwanza au baada yake kidogo, wengine kwa siku chache tu. Kinachotaka haraka ni jicho jekundu, linalofumbwa au kutoa machozi: lenzi iliyovimba huvujisha na kuchoma jicho kwa ndani, na bila matone ya kutuliza linaweza kupotea kabisa. Upasuaji wa kuondoa lenzi upo na hufanikiwa vizuri kwa mbwa ambaye sukari yake imetulia, ndiyo maana daktari wa macho atauliza kwanza ile karatasi ya kwenye friji.

Jike wangu hakufanyiwa. Haoni sasa, na viti vya sebuleni havijahamishwa tangu mwaka jana. Saa moja jioni akisikia mlango wa friji anakuja mwenyewe, anasimama kati ya miguu yangu, ananigeuzia ubavu.